Wageni Watatu, Kikombe Kimoja

Nilimwekea Galina kikombe cha chai mezani, nikageuka kuchukua sukari kabatini, na niliporudi nikamkuta anacheka peke yake, kiganja mdomoni, mabega yakimtikisika. "Mwalimu," akasema, "kikombe moja tu? Na Kogo akiona hii?" Mimi nilikuwa nimejitayarisha kulia siku hiyo. Tulikuwa hatujaonana tangu aende kwao Urusi kumuuguza mama yake, safari ya miezi michache iliyogeuka kuwa miaka mingi, mumewe daktari akamfuata na watoto, na barua zetu zikawa haba kama mvua ya Januari. Nilikuwa hata nimetafuta leso safi ya kufutia machozi. Badala yake tulicheka mpaka mjukuu wake, msichana mrefu aliyekuja naye, akachungulia kutoka sebuleni kuona ni wazimu gani umewapata bibi wawili wenye mvi. Alituuliza kuna nini. Tulitazamana, na kila mmoja akamwachia mwenzake kazi ya kueleza, na hakuna aliyeweza. Kwa hiyo naeleza hapa. Habari za ukoo wangu na nilikozaliwa nitaziacha. Waliozijua wanazijua, na wasiozijua hawajapungukiwa na kitu. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa kijana, mwalimu wa chekechea, na kichwa kigumu ambacho bado ninacho.

Shule yangu ya chekechea ilikuwa ndani ya kanisa. Lilikuwa kanisa dogo la Kiorthodoksi la kuta za udongo, kwenye kilima kinachotazama mashamba ya chai, na kando yake jipya la mawe lilikuwa likipanda polepole kadiri waumini walivyopata nafasi ya kuja kulijenga. Majirani wa makanisa mengine walitutania kwamba sisi tunabusu picha, na kwa kweli tulikuwa na picha moja tu ya kubusu, ya karatasi, iliyoliwa na unyevu kwenye pembe. Galina alikuwa mke wa Daktari Kirui, yule wa mifugo. Daktari alikuwa amesomea Urusi, akarudi na shahada, koti zito ambalo hakulivaa hata mara moja, na mke mwenye nywele rangi ya mahindi. Wengi wetu tulimwita Kalina, maana ndimi zetu za Kipsigis hazijali sana tofauti ya sauti hizo mbili, naye hakuudhika. Alisema kwao kalina ni mti wa matunda madogo mekundu, machungu, yanayotiwa asali. Nilikuwa nikimwona kanisani tu, amekaa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, wakati sisi wengine tumesimama au tumekaa benchi. Halafu siku moja alikuja darasani kwangu akaomba chaki. Hakutaka moja. Alitaka vipande vyote vilivyovunjika, hata vumbi lililoanguka chini ya ubao, na alilizoa kwa kadi kama mtu anayezoa unga uliomwagika.

Kufika jioni kijiji kizima kilijua kwamba mke wa daktari ana mimba. Kwetu mwanamke akianza kutafuna udongo mweupe hakuna haja ya kumuuliza zaidi, na kama wenzetu hula udongo wa sokoni, basi labda wanawake wa Urusi hula chaki. Kogo Tapkigen, mama mkwe wake, ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya, awe wetu au asiwe, alituma maziwa na kuku. Mimi nilijua kiasi cha chaki alichochukua, na niliona hakuna mimba inayoweza kula yote ile. Nikaenda kuona kwa macho yangu. Nilimkuta jikoni kwake, mikono myeupe hadi viwikoni, akikoroga sufuria iliyonuka vibaya mno, ngozi ya ng'ombe iliyochemshwa mpaka ikawa gundi. Alikuwa akiichanganya na chaki yangu iliyosagwa na kuipaka kwenye ubao mpana wa saiprasi kutoka Londiani, tabaka juu ya tabaka. "Kumbe pia wewe umekuja kuangalia tumbo," aliniambia. Nikamwambia nimekuja kuangalia chaki ya serikali. Akacheka, akauelekeza mwiko kwenye ubao. "Mimba ndiyo hii. Itazaliwa wakati Askofu anakuja kubariki kanisa." Hivyo ndivyo nilivyoanza kwenda kwake kila mchana, watoto wakishachukuliwa.

Jikoni kwake kulikuwa na meza ndefu iliyotengenezwa na Fundi Odhiambo, mwisho wake mmoja ukigusa ukuta, na dirisha lililotazama chai. Hapo ukutani alikuwa amebandika picha ndogo, kubwa kidogo kuliko kadi ya Krismasi. Ilikuwa nakala ya ikoni aliyoichora mtawa mmoja wa kwao karne nyingi zilizopita. Nyanya yake Galina alikuwa ameificha nyuma ya kabati la vyombo miaka yote ile ambayo watu wa nchi yake hawakuruhusiwa kumtaja Mungu kwa sauti, na usiku wa Pasaka alilisogeza kabati kidogo, akasali, akalirudisha. Malaika watatu wameketi kwenye meza, vichwa vimeinama mmoja kwa mwenzake, na katikati ya meza kikombe. Wale ni wageni waliomtembelea Abrahamu kwenye mialoni ya Mamre, Galina alinieleza, na pia ni Utatu Mtakatifu. Mimi niliitazama kama mwalimu anavyotazama daftari. "Hii meza amechora vibaya," nikasema. "Ya mbali inafaa kuwa ndogo. Hii inapanuka ikienda mbali. Mtoto wangu wa chekechea akinichorea hivi namwambia arudie." Galina hakukasirika. Alichukua uzi wa kushonea, akaushikilia kwenye ukingo wa meza ya kwenye picha, akauvuta na kuufuatisha mstari ule kuja nje ya picha, mpaka ncha ya uzi ikagusa kifua changu. Akafanya hivyo na ukingo wa pili. Ukaja hapo hapo. "Picha zingine, wewe unaangalia mbali," akasema. "Hii, mistari inakutana kwako. Ni wao wanakuangalia wewe." Nimeketi kwenye mihadhara mingi tangu siku hiyo, lakini sijawahi kufundishwa jambo kubwa kwa kitu kidogo kama ule uzi.

Nilikuwa nikidhani picha ya dini ni picha tu ya watu wema. Kwa Galina kila kitu kilikuwa kinasema. Malaika hawana vivuli, kwa sababu mwanga hauwapigi kutoka dirishani, unatoka kwao. Nyuma ya mmoja kuna nyumba, ndiyo nyumba ya Baba; nyuma ya wa katikati kuna mti, ndio mwaloni wa Mamre na pia ni msalaba; nyuma ya wa tatu kuna mlima, mahali roho inapopanda. Kila mmoja ana fimbo nyembamba, maana wako safarini. Kila mmoja amevaa buluu mahali fulani, maana mbingu ni moja. Aliyasema haya huku akimenya viazi, kwa Kiswahili chake cha sokoni, na mimi niliyameza pamoja na chapati zake za viazi vilivyokwaruzwa na kukaangwa. Tulikula vizuri sana mwaka ule, lakini kwa namna ya ajabu. Rangi za ikoni huchanganywa na kiini cha yai, kwa hiyo ute mweupe ulikuwa ukibaki kila siku, nasi tukaula na sukuma, na kimyet, ugali wetu, na mandazi magumu ambayo daktari aliyaita mawe ya Mamre. Kogo aliposikia kwamba mayai yanavunjwa ili kupaka ubao alishika kichwa. Lakini alituazima jiwe lake la kusagia wimbi, na juu yake tukasaga udongo mwekundu wa kingo za barabara mpaka ukawa laini kama poda ya mtoto.

Rangi nyingine zote tulizipata hapa hapa. Nyeusi ilikuwa mkaa wa senetwet, ule mti ambao wanawake wetu huchoma vijiti vyake na kuvisugua ndani ya kibuyu kabla ya kumimina maziwa ya mursik, yale ya kugandisha. Buluu, ile ya mbinguni inayowaunganisha malaika wote, ilikuwa buluu ya kufulia mashati ya shule. Mimi ndiye niliyeileta, nikaitwanga, na Galina alipoiweka kwenye ubao kwa mara ya kwanza alipiga kelele kwa Kirusi na kunibusu mashavu yote mawili. Dhahabu ndiyo iliyotushinda. Katika ikoni dhahabu ni mwanga wa Mungu mwenyewe, na dhahabu hatukuwa nayo. Fundi Odhiambo ndiye aliyetuokoa. Alikuwa seremala kutoka upande wa ziwa, akitengeneza masanduku ya chai kiwandani, yale ya mbao nyembamba yaliyowekwa karatasi ya bati linalong'aa ndani ili chai isipate unyevu. Siku hizo masanduku yalikuwa yakianza kuachwa na magunia ya karatasi yanaingia, na mabaki ya bati lile yalikuwa yakitupwa. Aliomba, akaambiwa achukue, akaja nayo kwapani yamekunjwa kama gazeti. Galina aliyalainisha kwa mgongo wa kijiko, akayabandika kwa ute wa yai, akapaka juu yake linsidi iliyochemshwa, yale mafuta maseremala hupaka mipini. Siku zilivyopita mafuta yakawa manjano, na bati la chai likawa rangi ya asali. Alisema kwao pia maskini walifanya hivyo, kwa karatasi ya fedha na mafuta, na Mungu hakulalamika.

Odhiambo alikuwa na mdomo. "Nyathina," aliniambia, mwanangu kwa lugha yake, "hawa wageni wako na mabawa. Hawa hata ukikosa kuwasindikiza hawapotei." Nilikuwa nikimpenda. Miaka michache kabla ya hapo watu walikuwa wameogopana katika nchi hii yetu, majirani kwa majirani, na kuna waliofunga mizigo na hawakurudi. Odhiambo alibaki. Hakuna aliyelitaja jambo hilo mezani kwa Galina, ila niliona kwamba kila alipokuja alichagua kiti kinachotazama mlango, na hata akicheka jicho lake moja lilikuwa hapo. Galina pia aliliona. Yeye na Odhiambo walielewana kwa namna ambayo mimi mwenyeji sikuweza kuingia. Wote wawili walikuwa wakisalimiwa kwa adabu kuliko sisi wengine.

Na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Galina alikuwa amekaa kwetu miaka sita, na jembe hakuna aliyempa. Akienda kwa Kogo alifutiwa kiti na kupewa maziwa kwenye glasi iliyofunikwa sahani. Akishika mwiko alinyang'anywa kwa upole. Akitaka kuchuma chai na wenzake aliambiwa mikono yake itaharibika. Wake wengine wa boma walikuwa kila mmoja na kibuyu chake cha mursik kilichoning'inia jikoni kwa Kogo, kimepambwa kwa shanga, na kwenye ule ukuta hakukuwa na kibuyu cha Galina. Hakuna aliyemchukia. Walimheshimu mpaka wakamwacha nje. Ikoni ile ilikuwa kitu cha kwanza alichoombwa na watu wetu, Padri Petro alipomwomba mbele ya kanisa zima, na ndiyo maana aliipaka kwa miezi kama mtu anayejenga nyumba.

Ilipokamilika, wiki moja na siku kidogo kabla ya kubarikiwa kwa kanisa, aliiegemeza mwisho wa meza yake, ukutani, na wanawake wakaja kuiona. Walijaa mlangoni, wakatazama juu ya mabega ya wenzao, wakasema imekuwa nzuri sana, nzuri kabisa, wakashukuru, wakaondoka haraka. Mimi ni mtu wa hapa. Najua sifa inayotembea haraka namna ile ina jambo. Jioni nilikwenda kumrudishia Kogo jiwe lake la kusagia, nikapitia nyuma ya jiko, na huko nikawasikia wanawake wakisugua vibuyu. Walizungumza Kiswahili kwa sababu mke wa Odhiambo alikuwa kati yao.

"Wageni watatu," mmoja akasema, "na kikombe moja."

"Labda wanakunywa kwa zamu," mke wa Odhiambo akajaribu.

"Kwa zamu? Kwani ni dawa?"

Ndipo nikamsikia Kogo. "Mimi nimesomewa hiyo hadithi tangu nibatizwe. Abrahamu alikimbia, mzee mzima, akachukua ndama. Sara akakanda unga. Na maziwa ilikuwa, Maandiko inasema siagi na maziwa. Sasa maziwa iko wapi? Na huyo Sara mwenyewe ako wapi? Askofu akikuja aone hiyo, atasema sisi tunaketisha wageni halafu tunatoroka." Mikono ikaendelea kusugua. "Haitatundikwa," akasema. "Si hivyo ilivyo. Aongeze vikombe mbili na kibuyu." Na neno la Kogo katika kanisa lile lilikuwa zito kuliko la Padri, maana ndiye aliyetoa ardhi.

Padri Petro, mtu mpole aliyependa amani mpaka ikamchosha, ndiye aliyetumwa kupeleka ujumbe. Galina alijaribu kueleza. Aliwaita tena wanawake, akawaonyesha kwamba ukifuata magoti ya malaika wa pembeni, nafasi iliyo kati yao ina umbo la kikombe kikubwa, kikombe chenyewe kiko ndani ya kikombe. Waliitikia kwa vichwa, wakakiona, wakakubali ni cha ajabu, na walipotoka nje bado kilikuwa kikombe kimoja. Nilimkuta baadaye akisafisha brashi ambazo tayari zilikuwa safi. Ikoni ilikuwa imefunikwa leso. "Mkono yangu inaweza kuongeza," aliniambia. "Kibuyu, vikombe, ndama mzima. Lakini watu wataangalia, watasema, ah, Abrahamu alipika vizuri, halafu wataenda nyumbani." Akaziweka brashi chini. "Miaka sita mimi nakaa kwa kiti, Mwalimu. Nimeambia daktari, shule ikifunga napeleka watoto kwa mama yangu. Labda tutarudi. Labda hapana. Nimechoka kuwa mgeni." Alilisema bila kulia, na hilo ndilo lililonitisha. Daktari alikuwa Siongiroi siku ile kwenye mnada wa ng'ombe.

Nina hasira za karibu, sikatai. Nilipanda kwa Kogo nikiwa nimeshapanga maneno yote, ya kwanza hadi ya mwisho. Lakini kwa Kogo huwezi kuanza na maneno. Nilipewa kiti, nikapewa maji ya kunawa, nikawekewa kimyet na mboga ya isagek, nikamiminiwa mursik, na kila nilipofungua mdomo aliniambia, "Kula kwanza." Nilikula nimekasirika. Kuna chakula ambacho hata ukikasirika kinashuka vizuri, na hicho ndicho kilichoniharibia hotuba. Nilipomaliza nilikuwa nimebaki na ombi moja tu. "Kogo, mara ya kwanza uliangalia ukiwa mlangoni. Njoo uangalie ukiwa umekaa."

Alikuja asubuhi iliyofuata, na fimbo yake, na shingo ngumu. Nilitoa leso kwenye ikoni. Nikamwekea kiti mwisho wa huku wa meza ya Galina, mahali pa mchoraji. Meza ile ya Odhiambo ilinyooka kutoka kifuani mwake mpaka ukutani, na ilipoishia, ya malaika ikaanzia, ikipanuka. Kogo alikaa. Galina alisimama kando ya mlango wa stoo, mikono ndani ya aproni. Nami nilijikaza kunyamaza, na kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi ya jembe. Kogo alitazama muda mrefu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kikombe. Kisha akainua mkono wake mwenyewe kutoka mezani, akautazama, akatazama mikono ya malaika. "Hawajashika kitu," akasema. Akainama mbele. "Kumbe hawajala." Akaelekeza kidole kwenye kikombe. "Hawajala bado. Wanangoja."

"Wanangoja nani, mama?" Galina akauliza kwa sauti ndogo.

Kogo aligeuka kwenye kiti. Alimtazama mkwe wake kama mtu ambaye hakuwahi kumwona amesimama. "Wanangoja mwenye nyumba," akasema. "Huku upande yetu hakuna mtu ameketi kwa sababu mwenye nyumba ako jikoni. Sara ako jikoni." Kisha akagonga fimbo sakafuni. "Na wewe unasimama hapo unafanya nini? Askofu anakuja Jumapili, wageni ndio hao wamekaa, na wewe hata kibuyu hujatayarisha!"

Galina hakuelewa mara moja. Alinitazama mimi, na mimi nikamsukuma mgongoni.

Alifundishwa siku ile ile. Kogo alishusha kibuyu ukutani kwake, kibuyu kipya chenye ngozi na shanga za buluu, ambacho alisema kilikuwa kikingoja tu mtu wa kukiomba, na mpaka leo sijui kama ni kweli au ni namna ya mzee ya kujitoa kwenye aibu. Waliketi nyuma ya jiko. Galina alichoma kijiti cha senetwet, akakiingiza, akasugua, na Kogo akamsahihisha kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Si hivyo! Polepole, kama unaosha mtoto masikio!" Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka sita kumsikia mtu akimgombeza Galina. Alikuwa mweusi mikono yote, na masizi puani, na furaha ile iliyokuwa usoni mwake sijui niiweke wapi. Alinong'ona kwangu kwamba ni kama kutayarisha ubao wa ikoni, tabaka juu ya tabaka, na nyeusi ni ile ile. Maziwa yake yalitoka na moshi mwingi, machungu kama dawa ya minyoo. Kogo alionja, akameza, akasema yatafaa.

Jumapili ya kubarikiwa kanisa mvua iliacha kunyesha kwa heshima. Ikoni ilitundikwa upande wa kulia wa altare, na wanawake waliizungushia sinendet, ule mmea wa kutambaa ambao kwetu huvishwa washindi. Sikujua walichopanga. Baada ya Askofu kunyunyiza maji na kuimba, Kogo alitoka kwenye kundi, akatembea mpaka chini ya ikoni, akaweka kibuyu chake sakafuni. Nyuma yake akaja mwingine na kibuyu, na mwingine, wakavipanga mbele ya wale malaika watatu, na mke wa Odhiambo akaweka samaki mkavu aliyefungwa kwenye karatasi, kwa sababu, alisema baadaye, kwao mgeni hapewi maziwa matupu. Padri Petro alibadilika rangi. Hakuna kitabu cha ibada kilichoandika jambo lile. Askofu alitazama vibuyu, akatazama ikoni, akauliza taratibu, "Hii ni ya nani?" Na Kogo akajibu kwa sauti ya mtu aliyetoa ardhi: "Ni ya wageni, Baba. Picha imechorwa na mke wa boma yetu. Yeye ndiye atakupimia maziwa." Galina alikuja na kibuyu chake cha shanga za buluu. Alimimina kwanza kidogo kwenye kikombe, akanywa mwenyewe kama alivyofundishwa, ili mgeni aone ni salama, kisha akamiminia Askofu. Askofu alikunywa. Uso wake ulipambana na ule moshi kwa ushujaa, akarudisha kikombe, na Mungu ni shahidi, akaomba kingine.

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Huko uani meza zilikuwa zimeunganishwa, watu wanakula, na nikamwona Odhiambo amekaa akibishana juu ya mifupa ya mbuzi na mashemeji wa Kogo, mgongo wake ukiwa umeelekea lango. Nilitafuta kiti cha Galina, kile chenye mgongo. Kilikuwa kimekaliwa na mtoto. Galina mwenyewe alikuwa akizunguka na sufuria, leso kichwani, akigombezwa na kila mtu kwamba amechelewesha chai, na jioni miguu ilimuuma akavua viatu mbele ya watu wote. Safari ya kwenda kwa mama yake haikutajwa tena mpaka miaka mingi baadaye, na alipoondoka aliondoka akililiwa, na kibuyu akaniachia mimi.

Mwaka jana, siku ya pili ya ziara yake, tulikwenda kuiona ikoni. Bati la chai limekuwa jeusi zaidi ya asali sasa, na buluu ya kufulia bado inang'aa kama shati la Jumatatu. Wanawake wa leo, ambao hawakumjua Kogo, bado huweka kibuyu hapo chini kila sikukuu, na tulipouliza kwa nini, msichana mmoja akatushangaa, akasema ndivyo ikoni ya Utatu inavyofanywa kila mahali. Galina alinifinya mkono mpaka ukauma. Hatukumsahihisha.

Siku zile mbili nilimketisha, nilimpikia, nilimnyang'anya hata kijiko, maana miaka ni mingi na nilitaka kumheshimu. Siku ya tatu niliamka nikamkuta tayari uani, amevaa gambuti za mwanangu zilizompwaya, anatazama shamba la viazi na mikono mitupu. Nilikwenda stoo, nikachagua lenye mpini mzuri, nikampa jembe.